Mchoro Uliotoka Iringa

Kila anayesomea lishe ya jamii, awe Morogoro, London au Dhaka, hukutana mapema na mchoro mmoja. Juu kabisa yupo mtoto aliyedhoofu au aliyekufa. Chini yake zipo sababu za karibu, yaani chakula kisichotosha na maradhi. Chini ya hizo zinafuata sababu za kati, ambazo ni chakula katika kaya, matunzo ya mama na mtoto, na huduma za afya pamoja na usafi wa mazingira. Chini kabisa, mahali ambapo wataalamu wengi hawapendi kukaa kwa muda mrefu, ipo misingi ya uchumi na siasa: nani ana ardhi, nani ana fedha, nani anaamua. UNICEF iliupitisha mchoro huo katika mkakati wake wa lishe mwaka 1990, na tangu hapo umenakiliwa, umerekebishwa na kupakwa rangi mara nyingi. Sehemu kubwa ya fikra zilizouzaa zilitoka Tanzania, na uwanja uliozipima kwa mizani na daftari ulikuwa mkoa wa Iringa, wakati huo ukiwa bado umeunganika na Njombe, Makete na Ludewa. Miaka 32 baada ya mkakati ule, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu, kwa takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano. Njombe, iliyokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, ilifuatia kwa takribani asilimia 50. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Kwa hiyo mkoa ulioifundisha dunia namna ya kufikiri juu ya utapiamlo ndio ule ambao watoto wake wamedumaa kuliko wa mikoa mingine. Ni rahisi kulisema jambo hili kwa kejeli na kuishia hapo. Hoja yangu ni nyingine: kilichofanya kazi Iringa katika miaka ya 1980 hakikuwa mchoro. Kilikuwa mamlaka ya kijiji juu ya takwimu zake chenyewe, pamoja na uwezo mdogo wa kuchukua hatua. Dunia ilipoichukua Iringa ilichukua mchoro, kwa sababu mchoro ni mwepesi kubeba. Mamlaka yalibaki, na baadaye yakapotea hata hapo yalipoanzia.

Tuanze na kitendawili cha chakula, maana ndicho kilichowaleta watafiti. Anayetoka Ilomba, kata ya jiji la Mbeya, akafuata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, hupita Uyole, Chimala, Makambako na Mafinga kabla ya kufika Iringa. Njia yote hiyo ni nchi ya mahindi, viazi, maharage, mpunga wa Mbarali na chai ya Mufindi. Uyole, jirani kabisa na Ilomba, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, na aina za maharage kama Uyole 84 na Uyole 96 zimebeba jina lake mashambani. Kwa miaka mingi Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kuwa mikoa minne inayoilisha nchi. Kama njaa ya mtoto ingekuwa ni ukosefu wa mahindi tu, Nyanda za Juu Kusini zisingekuwa na mtoto mdhoofu hata mmoja. Lakini mtoto wa miezi kumi tumbo lake ni dogo. Akipewa uji mwepesi wa mahindi mara mbili kwa siku, kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri hadi jioni msimu wa palizi, hatapata nguvu anayohitaji hata kama ghala la nyumbani limejaa. Ukiukoroga uji ukawa mzito, hawezi kuumeza wa kumtosha. Hili lilijulikana kwa majaribio, na katika Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania wataalamu walipima matumizi ya kimea, unga wa mtama au ulezi uliochipuzwa, ambao ukitiwa kidogo kwenye uji mzito huulainisha bila kuupunguzia nguvu. Bibi zetu waliokuwa wakipika pombe walikijua kimea zamani, ila hakuna aliyekuwa amekipeleka maabara.

Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, chini ya mkurugenzi wake wa kwanza, Dk. T. N. Maletnlema. Ilizaliwa katika nchi iliyokuwa imezoea kampeni kubwa. Mwaka huohuo wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Kampeni hizo hazikudumu, lakini ziliacha mazoea ya wanakijiji kukaa chini ya mti na kujadili choo, kisima na chakula cha mtoto kama mambo ya serikali yao. Vijiji vilikuwa vimeandikishwa, vina halmashauri, vina mabalozi wa nyumba kumi kumi. Anayeandika historia ya lishe ya Tanzania akaruka vijiji vya ujamaa, kwa kuvipenda au kuvichukia, ataacha nusu ya maelezo nje.

Programu ya Iringa ilianza mwishoni mwa 1983. Fedha zilitoka serikali ya Italia, iliyokuwa imetoa zaidi ya dola milioni 80 kwa mpango wa pamoja wa WHO na UNICEF katika nchi kadhaa. Wakati huo UNICEF chini ya James Grant ilikuwa ikihubiri mapinduzi ya uhai wa mtoto kwa vifaa vichache vilivyochaguliwa: kadi ya ukuaji, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, maziwa ya mama, na chanjo. Ni vifaa vizuri, na vimeokoa roho nyingi. Watu wa Iringa, wakiwamo Mswidi Urban Jonsson na Björn Ljungqvist kwa upande wa UNICEF, na Watanzania wa Taasisi ya Lishe, walikuwa na fikra tofauti. Hawakutaka kuleta orodha ya vifaa. Walitaka kijiji kipime hali ya watoto wake, kichambue sababu, kichukue hatua kwa uwezo kilicho nao, kisha kipime tena. Mzunguko huo wa kupima, kuchambua na kutenda ndio uliokuja kujulikana duniani pamoja na mchoro wa sababu.

Mwanzoni walichukua vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu, katika siku ya afya ya kijiji, mizani ilining'inizwa kwenye tawi au kwenye boriti, na watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa mmoja baada ya mwingine. Kadi ilikuwa na rangi tatu: kijani kwa uzito wa kutosha, kijivu kwa aliyepungua, nyekundu kwa aliye hatarini, yaani aliye chini ya asilimia 60 ya uzito unaotarajiwa kwa umri wake. Mhudumu wa afya wa kijiji aliandika matokeo kwenye daftari. Hapa ndipo hatua muhimu ilipofuata. Kabla takwimu hazijapanda kwenda wilayani, zilisomwa kwenye halmashauri ya kijiji. Waliokuwa kwenye nyekundu walijulikana ni wa kaya zipi, na vifo vya watoto vilizungumzwa. Kijiji kiliamua: kuanzisha kituo cha kulishia watoto wakati wa kilimo ili wale mara nyingi zaidi, kumpunguzia mama fulani kazi, kumlazimisha baba fulani atoe hela ya kwenda hospitali, kutenga shamba la watoto. Maamuzi mengine yalikuwa mazuri na mengine ya ovyo, lakini yalikuwa yao, na baada ya miezi mitatu mizani iliyaonyesha matunda.

Matokeo yalitangazwa sana. Watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takribani asilimia 56 mwaka 1984 hadi asilimia 38 mwaka 1988, na wenye hali mbaya zaidi kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya 2. Programu ikapanuliwa hadi karibu vijiji vyote vya mkoa, zaidi ya 600, kisha ikavuka kwenda mikoa mingine.

Msomaji mwenye jicho la kitakwimu ataniuliza mara moja vilikuwa wapi vijiji vya kulinganisha. Ni swali la haki. Programu haikupangwa kama jaribio la kisayansi lenye kundi la kulinganisha, na hakuna awezaye kugawa kwa uhakika kiasi gani cha mafanikio kilitokana na mizani, kiasi gani na chanjo, na kiasi gani na mvua nzuri. Hata hivyo, tazama ni miaka gani. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera ikiwa imefilisika. Sabuni, sukari na mafuta ya taa vilitafutwa kwa foleni, na 1983 ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Anayesema uchumi ndio uliowanenepesha watoto wa Iringa kati ya 1984 na 1988 ana kazi ngumu ya kuonyesha uchumi huo ulikuwa wapi. Zaidi ya hayo, kilichoshuka kwa kasi kubwa ni kundi la nyekundu, na hao ndio watoto waliotajwa majina kwenye kikao na kufuatwa nyumbani. Huo si uthibitisho kamili, ila unaelekea upande mmoja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Ushirikishwaji ule, wanasema wengine, ulikuwa amri ya chama kimoja iliyovaa kanga. Balozi akikuambia mlete mtoto mizani, ulikuwa na hiari gani? Ni kweli kwamba bila CCM ya wakati ule vijiji 168 visingesimama kwa mpigo, na ni kweli kwamba mama aliyeshindwa kumleta mtoto angeweza kukemewa hadharani. Lakini ukichunguza utaona kwamba shinikizo lilielekea pande mbili. Katibu wa wilaya alijua vijiji vyake vina watoto wangapi kwenye nyekundu, na alijua kwamba mkuu wake naye anajua. Kwa miaka michache uzito wa mtoto ulikuwa jambo ambalo kiongozi aliulizwa juu yake, kama alivyoulizwa juu ya magunia ya mahindi. Sijaona programu ya hiari tupu iliyofanikisha hilo.

Kutoka Iringa zilizaliwa kazi kubwa za maisha. Jonsson alikwenda New York kuongoza lishe katika UNICEF na baadaye akawa mkurugenzi wa kanda wa shirika hilo. Dk. Festo Kavishe, aliyeiongoza Taasisi ya Lishe, baadaye aliiwakilisha UNICEF nchini Zimbabwe. Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Dk. Olivia Yambi. Alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Lishe, akachukua shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwaka 1989 akaandika na Jonsson na Ljungqvist juu ya nafasi ya serikali katika programu za lishe zinazosimamiwa na jamii, wakitumia uzoefu wa Tanzania. Baadaye alikuwa mshauri wa lishe wa UNICEF kwa kanda ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwakilishi wa shirika hilo nchini Kenya, kisha mwenyekiti mwenza wa IPES-Food, jopo la kimataifa la wataalamu wa mifumo ya chakula. Ni safari ndefu kutoka kwenye mizani ya kijijini, na hakuna hatua yake hata moja ya kuonewa aibu. Mtaalamu aliyeona kwa macho yake kwamba ghala lililojaa halimnenepeshi mtoto, akaenda kulisema hilo katika meza ambazo sera hutungwa, ametenda haki kwa watu aliowatafiti. Wapo wanaolalamika kwamba wasomi wetu hutumia vijiji kama ngazi. Lawama hiyo ni ya uvivu, maana kama wangebaki, mchoro ungeandikwa na mtu asiyewahi kuona ulezi ukichipuzwa.

Tatizo ni lile ambalo safari hizo hazikuweza kulibeba. Mchoro uliingia kwenye mkakati wa UNICEF mwaka 1990 na kwenye mikutano iliyofuata, ukawa lugha ya pamoja ya wataalamu. Hapa nyumbani, misingi mitatu iliyoishikilia programu ilianguka ndani ya muda mfupi. Fedha za Italia zilifika ukomo mwaka 1988, na wafadhili waliofuata walitawanya kidogo kidogo kwenye mikoa mingi. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yalileta kubana matumizi, na kufikia 1993 hospitali za umma zilianza kuchangisha wagonjwa; kijiji kilichokuwa kikimlipa mhudumu wake posho hafifu kikajikuta na mzigo zaidi na mapato pungufu. Kisha mwaka 1992 ukaja mfumo wa vyama vingi. Chama kikatenganishwa na serikali, jambo ambalo lilikuwa sahihi, ila balozi wa nyumba kumi akabaki mtu wa chama, na hakuna aliyerithi kazi yake ya kujua nani kazaliwa, nani anaumwa, nani hakuja mizani. Mizani ziliendelea kuwapo kwenye kliniki. Watoto waliendelea kupimwa, kadi zikajazwa, takwimu zikapanda wilayani, mkoani na wizarani. Kilichokoma ni kikao cha kuzisoma takwimu hizo kabla hazijaondoka.

Mbeya inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Tangu 1996, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, kimejengwa huko kituo cha utafiti wa tiba ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kimeshiriki majaribio ya chanjo za Ukimwi na dawa za kifua kikuu, na mwaka 2016 watafiti wake walionyesha, kwa kuwafuatilia watu wa Kyela kwa miaka kadhaa, kwamba mwenye minyoo ya matende alikuwa na uwezekano wa kuambukizwa VVU takribani mara mbili ya asiye nayo. Ni kazi ya kiwango cha juu na imedumu, kwa sababu ina jengo, ina maabara, ina bajeti, ina taasisi inayoimiliki. Utafiti wa Iringa ulimilikiwa na vijiji visivyo na akaunti yenye kitu. Ndiyo maana utafiti wa damu umeota mizizi Mbeya na utafiti wa uji umekauka Iringa. Hili si suala la ubora wa sayansi. Ni suala la nani ana kifungu cha fedha.

Mtu makini atanirudisha kwenye takwimu nilizoanza nazo na kusema nimelinganisha vitu visivyolingana. Miaka ya 1980 walipima uzito kwa umri. Udumavu ni urefu kwa umri. Mtoto anaweza kuwa na uzito wa kuridhisha na bado akawa mfupi kuliko alivyopaswa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sidai kwamba Iringa imerudi ilikokuwa mwaka 1984. Watoto wanaokufa leo ni wachache mno kuliko wa wakati ule. Lakini pingamizi hili halifuti tatizo, bali linalisogeza. Udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, katika chakula cha mama mjamzito, kazi zake, maradhi ya mtoto, na mlo wa mahindi matupu. Hayo ndiyo mambo yaliyozungumzwa kwenye vikao vya halmashauri za vijiji. Tena mwelekeo unatisha wenyewe, bila kulinganishwa na zamani: kati ya tafiti za 2015/16 na 2022 udumavu kitaifa ulishuka kutoka asilimia 34 hadi 30, na Iringa ukapanda kutoka takribani 42 hadi 57. Wanaoulaumu ulanzi, pombe ya mianzi, waeleze kwanza kwa nini miaka ya 1980, ambapo ulanzi ulinywewa vilevile, hali iliboreka.

Serikali imeyarudia baadhi ya yale ya zamani, pengine bila kujua jina lake. Ipo sasa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Upo mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa hutia saini, na halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, ukiwamo kila mtaa wa Ilomba, na safari hii wakilipwa posho. Kwa upande wa fedha na watu, mpango huu unazidi chochote ambacho Iringa ilikuwa nacho mwaka 1983. Hatari iliyopo ni kwamba mhudumu atapewa simu janja, atajaza fomu, na takwimu zitaruka moja kwa moja hadi Dodoma bila kupita kwenye mkutano wa watu anaoishi nao.

Kuzuia hilo hakuhitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka New York. Madiwani wa Iringa, Njombe na Mbeya wanaweza kuamua katika kikao kimoja cha baraza kwamba matokeo ya upimaji wa watoto yawe ajenda ya kudumu ya kila mkutano mkuu wa kijiji na mtaa, kila baada ya miezi mitatu, na kwamba sehemu ya ile shilingi 1,000 ibaki mikononi mwa kijiji kwa ajili ya kutekeleza kitakachoamuliwa. Waanze na robo mwaka ijayo.